Maji Mekundu ya Mynydd Parys

Anayefika Mynydd Parys, mlima wa machimbo ya kale ya shaba kaskazini mwa kisiwa cha Anglesey huko Wales, hushikwa kwanza na lile shimo kubwa lililo wazi, lenye kuta za zambarau, njano na nyekundu. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuchunguza migodi ya kale, humsihi mgeni ateremke hadi kwenye mabirika ya mawe, kwa kuwa humo ndimo shaba ilimoendelea kupatikana baada ya wachimbaji kuondoka.

Watu walichimba shaba hapa takriban miaka 4,000 iliyopita kwa nyundo za mawe. Machi 2, 1768, mchimbaji Rowland Puw aligundua mwamba wenye shaba nyingi, na chini ya mwanasheria Thomas Williams mlima huu ukawa miongoni mwa machimbo makubwa ya shaba duniani. Mabati yake ya shaba yalifunika matumbo ya manowari za Uingereza ili viumbe wa baharini wasitoboe mbao. Wanawake ndio waliopasua mawe, nyundo mkono wa kulia, na wa kushoto ukilindwa kwa glovu yenye pete za chuma.

Maji nayo yalikuwa mgodi wa pili. Mvua ikipenya katika mawe yenye pairiti, madini ya chuma na salfa, hutokea tindikali inayoyeyusha shaba na kuichukua; maji hayo yalielekezwa kwenye mabirika yaliyojazwa chuma chakavu, chuma kikawa kinayeyuka huku shaba ikijishika mahali pake, hadi wafanyakazi walipokikwangua na kuyakausha matope yaliyotuama. Ukichovya msumari safi katika maji ya namna hiyo, hutoka umevaa utando mwembamba wa rangi ya shaba. Maji yaliyobaki yaliachwa yatue ngeu, yaani tope la chuma lenye rangi nyekundu na njano, iliyouzwa kwa watengeneza rangi. Kazi hiyo iliendelea hadi miaka ya 1950, nusu karne hivi baada ya uchimbaji kukoma.

Leo kileleni umesimama mnara wa kinu cha upepo cha 1878, kilichosaidia mashine ya mvuke kuvuta maji kutoka chini. Mwaka 2003 maji yaliyozuiliwa mgodini yalipigwa pampu, kwa hofu kwamba kizuizi kingepasuka na kuufurikisha mji wa Amlwch. Tangu hapo yanatiririka kwa Afon Goch, yaani Mto Mwekundu kwa Kiwelisi, ambao hadi sasa unapeleka shaba na zinki baharini.