Wijeti, Programu za Nyuma na Chaji ya Simu: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba chaji hudumu mtu akizifunga programu zote alizozifungua karibuni, ndiyo maana wengi hushinda wakizipandisha kwa kidole moja baada ya nyingine mpaka skrini ibaki tupu. Ukweli ni kwamba nyingi kati ya hizo zimekwisha kusimamishwa na mfumo wa simu, na kinachoonekana ni taswira tu ya mahali ulipoishia. Zinakaa kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya simu, bila kufanya kazi yoyote, na RAM hutumia umeme karibu uleule iwe imejaa au iko tupu. Programu uliyoifunga ukiihitaji tena baada ya dakika tano, simu hulazimika kuipakia upya tangu mwanzo, na hapo ndipo chaji inapotumika bure. Mwaka 2016 Craig Federighi, kiongozi wa uhandisi wa programu katika kampuni ya Apple, alipoulizwa kama yeye huzifunga na kama jambo hilo husaidia betri, alijibu hapana kwa maswali yote mawili. Programu iliyoganda ni suala jingine, hiyo ifunge.

Wijeti, yaani visanduku vya taarifa vinavyowekwa kwenye skrini ya mwanzo, nazo hulaumiwa zote kwa pamoja, ilhali ya kalenda na ya hali ya hewa hazilingani hata kidogo. Inayogharimu ni ile inayoamka mara kwa mara kutafuta mahali ulipo na kuvuta data. Mfumo wa Android hauruhusu ratiba yake ya kawaida ya kusasisha wijeti iwe chini ya dakika 30, ingawa programu inaweza kupitia njia nyingine. Kabla ya kuiondoa wijeti ya hali ya hewa, ichagulie mji mmoja badala ya kuiacha ifuatilie mahali ulipo, kisha urefushe muda wa kujisasisha.

Programu zinazojinadi kuwa waokoaji wa betri sizipendekezi: nazo hukesha nyuma, yaani zikifanya kazi bila wewe kuzifungua, na tangu Android 6.0 ya mwaka 2015 simu iliyotulia huku skrini ikiwa imezimwa hujipunguzia kazi yenyewe.

Wapo pia wanaozuia kila programu isifanye kazi nyuma, kisha wakashangaa ujumbe unapochelewa kuingia. Fungua sehemu ya betri kwenye mipangilio, utafute programu uliyoitumia dakika chache lakini imefanya kazi nyuma kwa saa nyingi, na uizuie hiyo peke yake.