Breka Kubwa Si Breka Bora: Dhana Potofu Kuhusu Uchaguzi wa Breka za DB

Kila baridi ya Juni inapoingia Arusha, wateja hunipigia simu wakiwa na ombi lilelile: breka ya hita ya kuogea inajikata kila mara, kwa hiyo nije niwafungie kubwa zaidi. Wengine hawasubiri hata kunipigia. Wameshamwita fundi wa mtaani, ametoa ya ampea 20, ameweka ya 32, na tangu siku hiyo mambo yametulia. Utulivu huo unanitia hofu kuliko hitilafu nyingine yoyote ninayoikuta kwenye DB, yaani visanduku vya kugawa umeme, za nyumba zetu.

Dhana iliyopo nyuma ya ombi hilo ni kwamba breka huchaguliwa kwa kutazama kifaa, na kwamba ikijikata, basi ni ndogo au imechoka. Ukweli ni kwamba kazi ya kwanza ya breka ni kuulinda waya uliofukiwa ukutani, kwa sababu waya huo hauonekani, hauna swichi yake na hauwezi kubadilishwa bila kubomoa plasta. Mkondo wa mzigo usizidi namba ya breka, na namba ya breka isizidi uwezo wa waya jinsi ulivyolazwa. Sharti la kwanza hutimizwa na karibu kila fundi. La pili ndilo linalosahaulika, na moto huanzia hapo.

Tuchukue waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 uliopitishwa kwenye kondiuti (bomba la nyaya) juu ya ukuta, ambao katika joto la nyuzi 30 unaweza kubeba ampea 24 hivi, na chini ya hapo ikiwa nyaya zimebanana ndani ya kondiuti moja au zinapita darini chini ya bati lenye jua. Hita ya kuogea ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24 ikiwa peke yake. Mtu akiwasha birika la umeme la wati 2,000 kwenye mstari huohuo, jumla inafika karibu ampea 33. Breka ya 20 ingejikata ndani ya muda, na ingekuwa imetimiza wajibu wake. Ile ya 32 haitajikata, wala si mbovu: kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha IEC 60898-1, breka ya nyumbani haipaswi kujikata ndani ya saa nzima ikiwa imezidiwa kwa mara 1.13 tu, yaani ampea 36, na hata ikizidiwa kwa mara 1.45, yaani ampea 46, inaruhusiwa kuchukua hadi saa moja kabla ya kukata. Joto la waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo, hivyo waya wa ampea 24 ukipitishiwa 33 kwa muda mrefu utapita nyuzi 100, ilhali plastiki yake ya PVC imetengenezwa kustahimili nyuzi 70.

Katika nyumba moja ya wageni huko Sakina nilifungua DB baada ya mwenye nyumba kulalamikia harufu. Breka ya hita ilikuwa safi, imenyanyuka, haina dosari yoyote. Waya uliotoka chini yake ulikuwa umebadilika kutoka mwekundu hadi rangi ya kahawa iliyokaangwa, na nilipoukunja kidogo kwa kidole, plastiki ilipasuka na shaba ikaonekana. Mwenye nyumba aliniambia kwamba hita imefanya kazi miaka miwili bila tatizo. Plastiki ya waya haiungui siku moja. Hukauka msimu baada ya msimu, mpaka siku nyaya mbili zilizopasuka zinapogusana.

Kwa hita ya namna hiyo, vuta waya wake peke yake wa 6 kutoka kwenye DB, ndipo uifungie breka ya 32. Ikiwa bajeti hairuhusu, nunua hita ndogo zaidi. Breka ya 32 juu ya 2.5 inakubalika tu kwa duara kamili la soketi, yaani mstari unaotoka DB, ukazunguka soketi zote na kurudi DB, ambamo mkondo hugawanyika njia mbili. Na kabla ya kuhukumu kwamba breka imechoka, zima umeme na ukaze skrubu zake, kwa maana skrubu iliyolegea huzalisha joto ambalo breka hulihesabu kama mzigo. Mimi huandika kwa kalamu ya wino usiofutika, ndani ya mfuniko wa DB, ukubwa wa waya wa kila mstari. Fundi atakayekuja baadaye hatakuwa na kisingizio.

Dhana ya pili ni kwamba breka itamwokoa mtu anayenaswa na umeme. Haitamwokoa. Mkondo wa makumi machache ya miliampea ukipita kifuani unaweza kuua, na breka ya ampea 20 haiwezi kuuhisi kabisa. Hata umeme ukivujia kwenye bati la friji, katika nyumba inayotegemea fimbo ya ethi yenye ukinzani wa omu 20, mkondo utakaoingia ardhini ni ampea 11.5 tu, ambao kwa breka ni mzigo wa kawaida. Kinachookoa maisha ni RCD ya miliampea 30, kifaa kinachokata umeme kinapohisi unavuja, nacho haichukui nafasi ya breka bali hufanya kazi pamoja nayo. Anayeiondoa kwa sababu inajikata anaondoa kifaa pekee kilichokuwa kikimwambia kwamba umeme unavuja mahali fulani.

Wenye mashine za kusaga kule Moshi nao huongeza ampea kwa sababu breka inajikata mota inapoanza. Mota huvuta mara 6 hadi 8 ya mkondo wake wa kawaida wakati wa kuanza, kwa hiyo kinachobadilishwa ni herufi iliyo mbele ya namba ya ampea, si namba yenyewe: B hukata papo hapo kati ya mara 3 na 5 ya namba hiyo, C kati ya mara 5 na 10, D kati ya mara 10 na 20. Hata hivyo mota bado inahitaji ovalodi yake, yaani kinga ya kuizima inapozidiwa na mzigo.

Namba iliyo ndani ya kimstatili usoni mwa breka, kama 4500 au 6000, ni kiasi cha ampea za shoti ambacho breka inaweza kukizima salama. Kwenye ncha za kutolea umeme za transfoma ya kVA 315 shoti inaweza kuzidi ampea 11,000, kisha hupungua kadiri kebo inavyorefuka. Duka lililo jirani na transfoma lisifungiwe breka kuu bila hesabu hiyo kufanywa.

La mwisho ni la wenye sola. Breka ya AC (umeme wa gridi, unaogeuza mwelekeo) haifai kwenye DC (umeme wa sola, wa mwelekeo mmoja), kwa sababu umeme wa hertzi 50 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde na kuisaidia cheche inayoruka breka inapokata kuzimika, ilhali DC haipiti sifuri kamwe. Hata breka halisi za DC, nyingi zina alama za chanya na hasi, na ikifungwa kinyume inaweza kushindwa kuzima cheche na kuungua yenyewe. Fuata mchoro uliochapishwa ubavuni mwake.