Je, wajua kwa nini Python, lugha ya kuandikia programu, haitupi maelezo yako?

Ukiandika komenti kwa alama ya #, Python huiruka tu. Programu ikishaanza kufanya kazi, komenti hiyo haipo tena. Lakini andika sentensi ndani ya nukuu tatu, chini kidogo ya jina la fanksheni, uone:

def nauli(km):
    """Rudisha nauli kwa shilingi, ukipewa umbali wa kilomita."""
    return km * 50

Hiyo ndiyo dokistringi. Python huihifadhi pamoja na fanksheni yenyewe, mahali paitwapo \_\_doc\_\_. Andika help(nauli) na utasomewa palepale. Kwangu mimi huu ni uamuzi wa busara sana, maana anayebadilisha hesabu anayaona maelezo yake mstari wa juu. Nyaraka zinazokaa mbali na msimbo huchakaa bila mtu kujua.

Programu iitwayo Sphinx ndiyo inayozikusanya dokistringi na kuzigeuza tovuti. Georg Brandl aliitoa mwaka 2008 kwa ajili ya nyaraka za Python yenyewe, ambazo hadi wakati huo ziliandikwa kwa LaTeX, mfumo wa kupanga maandishi. Amri ya sphinx-quickstart hukutengenezea faili za conf.py (mipangilio) na index.rst (ukurasa wa kwanza). Ndani ya conf.py unawasha kiendelezi cha sphinx.ext.autodoc, kinachosoma dokistringi, kisha kwenye index.rst unaandika (usafiri ni moduli, yaani faili ya usafiri.py yenye fanksheni ya nauli):

.. automodule:: usafiri
   :members:

Amri ya make html inamalizia. Kuchapisha nako ni kwepesi: huduma kama Read the Docs, iliyoanza 2010, husoma faili ya .readthedocs.yaml kwenye hazina yako ya Git na kuijenga tovuti upya kila unaposukuma mabadiliko.

Sasa, jambo linalowakwamisha wengi. Autodoc haisomi faili yako kama maandishi. Inaiita kwa import, yaani inaipakia na kuiendesha, kama programu nyingine yoyote. Niliwahi kuchapisha nyaraka zilizokuwa safi kabisa kwenye kompyuta yangu, na mtandaoni ukatokea ukurasa wenye kichwa peke yake. Moduli yangu ilihitaji pandas, maktaba ya kuchambua data, na seva haikuwa nayo. Import ilishindwa, Sphinx ikatoa onyo, ikaendelea na kazi.

Dawa ni kuorodhesha maktaba zote unazotumia ili seva izisakinishe kwanza. Zile nzito zisizosakinishika huko, zitaje kwenye autodoc_mock_imports ndani ya conf.py, na autodoc itaweka za kuigiza mahali pake. Halafu ongeza -W kwenye amri ya sphinx-build: kila onyo linakuwa kosa, na ujenzi unahesabiwa umeshindwa kabla ukurasa mtupu haujamfikia msomaji.