Vanessa si kipepeo

Kliniki moja hapa Dodoma, mama niliyekaa naye benchi moja alinionyesha kadi ya mwanawe: Vanessa. "Ni Kigiriki, maana yake kipepeo," akasema, na kweli kitenge alichombebea kilijaa vipepeo. Nikanyamaza, siku ya chanjo si siku ya ubishi.

Ila Kigiriki hakimo humo. Kwa Kigiriki cha kale kipepeo ni psyche. Vanessa ni jina la kubuni, na aliyelibuni anajulikana: Jonathan Swift, mwandishi wa Ireland. Alikuwa na rafiki, Esther Vanhomrigh. Akakata "Van" kwenye jina la ukoo, akaunga na "Essa", yaani Esther kwa kudekeza. Shairi lenye jina hilo likachapwa 1726. Vipepeo walifuata baadaye sana: mwaka 1807 Johan Christian Fabricius, mtaalamu wa wadudu kutoka Denmark, aliliita kundi moja la vipepeo wanaofanana (jenasi) Vanessa. Mmoja wao, Vanessa cardui, huruka hata huku kwetu.

Kwa hiyo ndani ya Vanessa kuna Esta. Na bibi wa mtoto, aliyetaka mjukuu apewe jina lake, Esta, alikuwa amenuna pembeni.