Je, wajua kwa nini jimbo la Bremen lina vipande viwili?

Kati ya majimbo 16 ya Ujerumani, Bremen ndilo dogo kuliko yote: kilomita za mraba 420 hivi. Pamoja na udogo huo, halikukaa mahali pamoja. Jiji la Bremen liko bara, kando ya mto Weser. Kipande cha pili, mji wa Bremerhaven, uko mbali, kiasi cha kilomita 60 kuelekea kaskazini, pale mto unapomwaga maji katika Bahari ya Kaskazini. Kati yake ni ardhi ya jimbo jingine, Niedersachsen.

Chanzo ni mchanga. Bremen iliishi kwa biashara ya baharini, lakini Weser ulizidi kujaa mchanga na tope hadi meli kubwa zikashindwa kufika mjini. Mapema katika karne ya 17 wakachimba bandari Vegesack, karibu zaidi na bahari. Baadaye nayo haikutosha. Mwaka 1827 meya Johann Smidt akanunua kwa Ufalme wa Hannover kipande cha ardhi pale mto Geeste unapoingia Weser, ndipo ilipo Bremerhaven. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri: mji uliokuwa ukipoteza bahari ukaamua kuifuata kwa fedha zake. Bandari ilifunguliwa 1830, na kwa miaka mingi mamilioni ya wahamiaji walipanda meli hapo kwenda Marekani.

Hannover haikukaa kutazama. Ikajenga bandari yake, Geestemünde, ng'ambo ya mto Geeste. Mwaka 1866 Prussia, ufalme mwingine wa Kijerumani, iliimeza Hannover, ikawa ndiyo jirani mpya. Kisha 1939, chini ya utawala wa Hitler, mji wa Bremerhaven ukachukuliwa na kuunganishwa na Wesermünde, mji wa Prussia. Bremen ikabakiwa na gati zake tu.

Vita vilipokwisha 1945, Waingereza walishika kaskazini na Wamarekani kusini, kusikokuwa na bahari. Wamarekani walihitaji bandari ya kupitishia askari na shehena, hivyo wakapewa Bremen pamoja na Wesermünde. Mwaka 1947 miji hiyo miwili ikawa jimbo moja, na Wesermünde ikaitwa Bremerhaven.

Zile gati ambazo Bremen ilibakiwa nazo 1939 hazikurudishwa kwa mji wa Bremerhaven. Hadi leo eneo kubwa la bandari ndani ya Bremerhaven ni mali ya jiji la Bremen.