Ticha wa Kiingereza wa wakimbizi, kozi yako iko darasani kwako

Walimu wanaofundisha watu wazima Kiingereza huku Nairobi, mitaa ya Isli, Kayole na Kawangware, wananiuliza swali moja kila tukikutana: mwalimu, nifanye kozi gani? Wengi ni wale wamemaliza chuo, TSC, tume inayoajiri walimu wa shule za serikali, bado haijawaita, wakapata kibarua cha jioni kwenye ukumbi wa kanisa ama ghorofa ya tatu juu ya duka la nguo, na wakiingia darasani wanakuta mama wa Kisomali, kijana Muoromo, mzee wa Bukavu aliyekuwa mhasibu kwao, na dada wa Sudan Kusini anayejua Kiarabu cha kuongea lakini hajawahi kushika kalamu. Wote darasa moja, kitabu kimoja. Chuoni uliandaliwa kusimama mbele ya watoto wa darasa la nne, hii ya mzee mhasibu hakuna aliyekuambia.

Wakiuliza hivyo mara nyingi huwa wanataka niseme CELTA. Siipingi, ni cheti cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza, chenye heshima, kozi ya saa 120 kwenda juu, lakini kwa mtu anayelipwa kwa kipindi ile ada ni ndoto. Na mpango wa TSC wa kuwaendeleza walimu, ule uliozinduliwa 2021 na walimu wakapiga kelele kuhusu kujilipia elfu sita kwa mwaka, ulitengenezewa walimu wa shule, haukufikirii wewe wa ukumbi wa kanisa. Sasa tuangalie CELTA kwa ndani, ni nini hasa kinambadilisha mtu pale? Ukiniuliza mimi, ni saa 6 za kufundisha wanafunzi wa kweli huku mkufunzi na wenzako wamekaa nyuma wanaandika, saa 6 nyingine za kuwatazama walimu wazoefu, na kazi moja ya kuandika ambapo unamchunguza mwanafunzi mmoja, anatoka wapi, anakosea nini, kwa nini anakosea. Hayo mambo matatu hayahitaji Cambridge. Yanahitaji wenzako wawili na simu.

Lakini kwanza niseme kitu kuhusu wokshopu, juu hapo ndipo pesa za miradi zinaishia. Mnaitwa hoteli fulani, projekta, flipchati, chai ya saa nne na andazi, mtu anawasomea slaidi kuhusu kumweka mwanafunzi katikati ya ujifunzaji (anasoma masaa matatu, nyinyi mmekaa kimya), mnapiga picha ya pamoja, mnasaini karatasi ya nauli, mnaenda nyumbani na sertifiketi. Jumatatu darasa ni lile lile. Watafiti wawili Wamarekani, Bruce Joyce na Beverly Showers, walisema tangu miaka ya 1980 kwamba mwalimu akishaelezwa mbinu, hata akishaonyeshwa, hawezi kuihamishia darasani kwake kama hakuna mtu wa kumfuatilia pale pale anapofundishia. Na hatuhitaji kwenda Marekani kuliona hilo, Tusome, ule mpango wa kufundisha watoto kusoma, ilipoanza nchi nzima 2015 wale maafisa wa mitaala walikuwa wanaingia madarasani na tableti, wanakaa, wanasikiliza watoto wakisoma, halafu wanaongea na mwalimu hapo hapo kuhusu somo alilotoka kufundisha. Kwa watoto wa darasa la kwanza tunajua hivyo. Kwa watu wazima tunarudi hoteli.

Mimi ninachowaambia walimu ni hivi. Tafuta wenzako wawili, muwe watatu, msizidi hapo. Mmoja anafundisha, mwingine anakaa nyuma, wa tatu ni zamu yake wiki ijayo. Yule anayefundisha ndiye anachagua swali, na swali ni moja tu, si “niambie vile nimefundisha” kwa sababu hapo utaambiwa umefundisha vizuri na mtaenda kunywa chai. Swali liwe la kitu kinachohesabika. Kwa mfano, nikiuliza swali nangoja kwa muda gani kabla ya kuongea tena?

Hilo napenda walianze nalo. Mary Budd Rowe alipima jambo hili kwenye madarasa ya sayansi Marekani miaka ya 1970, akakuta walimu wanangoja kama sekunde moja tu, na wakivumilia mpaka tatu majibu yanakuwa marefu na hata wale wanyamavu wanaanza kuongea. Hao walikuwa watoto wakisikia lugha yao. Sasa fikiria mama anayepaswa kusikia swali kwa Kiingereza, alitafsiri kichwani, atafute jibu kwa Kisomali, aligeuze, halafu ajipe moyo wa kulitamka mbele ya wanaume. Nimekaa nyuma ya darasa moja Isli nikitazama hilo likitokea. Ticha kauliza “Where do you live?” akimwangalia mama mmoja wa makamo, mama akashusha kalamu, akafungua mdomo, midomo ikaanza kutengeneza sauti ya kwanza, na kijana wa benchi la mbele akajibu “Eastleigh!” Ticha akasema “Very good” akaendelea. Mama akafunga mdomo, akachukua kalamu tena. Ticha hakuona kitu. Ukiwa mbele huwezi kuona, unafikiria swali linalofuata, unaangalia saa, na kuna mtu anagonga mlango. Baada ya kipindi tulicheza ile rekodi ya simu tukahesabu pamoja, hakuna aliyemhukumu mwenzake, sekunde zenyewe zilijisemea. Kipindi kilichofuata aliweka sheria kwamba akitaja jina wengine wanyamaze, na yeye mwenyewe anahesabu moja mpaka tano kimoyomoyo kabla hajafungua mdomo. Ni jambo gumu kuliko unavyodhani, kunyamaza sekunde tano mbele ya watu ishirini.

Swali la pili zuri ni la kusahihisha. Mwanafunzi anasema “Yesterday I go clinic,” ticha anasema kwa upole “Oh, you went to the clinic,” mwanafunzi anatingisha kichwa, “Yes, yes,” ameshukuru kwamba umemwelewa, na wewe umeshukuru kwamba umemsahihisha, na hakuna kilichotokea. Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza madarasa ya watoto wanaofundishwa kwa Kifaransa Kanada, wakaandika 1997 kwamba hii ndiyo njia walimu wanaitumia kuliko zote, na ndiyo ilikuwa inaleta marekebisho machache zaidi kutoka kwa mwanafunzi mwenyewe. Mwenzako aliyekaa nyuma achore mistari miwili kwenye daftari, huku umemsahihisha mara ngapi, huku yeye mwenyewe amesema tena vizuri mara ngapi. Halafu jaribu kumrudishia, “Yesterday you...?” na ungoje. Tena kule kungoja.

Sasa hiyo ya kumchunguza mwanafunzi mmoja. Hapa walimu wengi wa Nairobi wanapoteza nafasi kubwa, juu wanafunzi wao wamebeba vitu ambavyo hakuna kozi ya Uingereza itakufundisha vizuri kuliko wao. Chukua herufi x peke yake. Kisomali kimeandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini tangu 1972, na x yao ni ile ha nzito ya kooni kama ya Kiarabu, na c ni ain ya Kiarabu, ndio maana unapita Isli unaona bango la Xasan na bango la Cali na hao ni Hassan na Ali tu. Kioromo nacho kina hati yake ya Kilatini, qubee, iliyoanza kutumika rasmi Ethiopia 1991, na kwao x ni t inayopasuka kooni. Kwa hiyo umeandika “taxi” ubaoni na kwenye chumba kimoja kuna watu wanaoisoma kwa njia tatu, na wote wamesoma sawasawa kulingana na walivyofundishwa. Ukimwita mmoja wao mzito hapo kosa ni lako. Mtu wa Kiamhara ama Kitigrinya amezoea fidel, hati ya kwao, ambapo alama moja imebeba konsonanti na irabu yake pamoja na hakuna herufi kubwa wala ndogo, sasa usishangae akiandika jina lake katikati ya sentensi bila herufi kubwa. Na yule mama aliyesoma madrasa tu anajua kusoma, anajua vizuri sana kwamba alama ni sauti, ila anaanzia kulia. Huyo na yule dada ambaye hajawahi kusoma lugha yoyote si wanafunzi wa aina moja, japo kwenye fomu ya mradi wote wameandikwa “beginner”. Baraza la Ulaya lilitoa mwongozo 2022 wa watu wazima kama hao, unaopanga hatua ndogo ndogo za kusoma na kuandika mpaka kufika A1, kile kiwango cha kwanza cha lugha, unapatikana bure kwenye intaneti, na ni bora kuliko nusu ya vitabu vya miradi nilivyowahi kuona.

Njia rahisi ya kujifunza haya: mwombe mwanafunzi akufundishe lugha yake nusu saa, wewe ukae kwenye benchi na daftari. Kozi nyingi za kufundisha Kiingereza zinawapitisha walimu kwenye somo la lugha wasiyoijua kwa sababu hiyo hiyo. Dakika ya kumi umeshasahau neno la kwanza, na unatamani sana mtu akuruhusu kuuliza kwa Kiswahili.

Ambalo linanileta kwa diski. Waliosoma shule za msingi Kenya mnaijua, kile kibao cha kuvishwa shingoni ukisikika unaongea lugha ya mama, unazunguka nacho mpaka umpate mwingine wa kumpa. Kuna walimu wameihamishia kwa watu wazima, nimekuta darasa ambapo ukiongea Kiswahili unatoa shilingi kumi. Mtu amekimbia vita, amepanga chumba kwa jina la mtu mwingine, anakuja jioni amechoka, na bado unamtoza kwa kumuuliza jirani yake maana ya neno. Waache waulizane. Dakika mbili za Kiswahili zinaokoa robo saa ya kuchora ubaoni. Sijawahi kuona mtu mzima aliyejifunza haraka kwa sababu ya faini.

Na vitabu pia vikaguliwe. Wakimbizi wengi walikuwa wanasoma Kiingereza cha kwenda Marekani, theluji, basi la shule la njano, kujitambulisha kwa jirani mpya. Januari 2025 Marekani ikasimamisha kupokea wakimbizi na watu waliokuwa na tarehe za ndege wakabaki hapa hapa, na madarasa mengine bado yanafundisha theluji. Kiingereza wanachokihitaji kesho asubuhi ni cha fomu ya kibali cha kazi daraja M, kile cha wakimbizi, cha ujumbe wa M-Pesa, cha karatasi ya dawa inayosema mara ngapi kwa siku. Kila mwalimu kwenye ile timu ya watatu alete karatasi moja halisi ambayo mwanafunzi wake alishindwa kusoma wiki hiyo, mfute jina, muitengenezee somo pamoja.

Kuhusu kurekodi, ombeni ruhusa kwa lugha wanayoielewa na mkikataliwa msirekodi, mwenzenu ahesabu kwa kalamu tu. Kuna watu ambao mara ya mwisho kurekodiwa ilikuwa ni ofisini wakihojiwa kuhusu kilichotokea kwao, simu ikielekezwa wanaganda. Elekeza simu kwa ticha, sauti inatosha, video ya nini. Futeni jioni hiyo hiyo. Bosi wa mradi akitaka nakala ya kuweka kwenye ripoti mwambie haipo, mpe idadi mlizohesabu. Na nauli ya huyo anayekuja kukaa nyuma, hasa kama anavuka mji kutoka Kawangware mpaka Isli jioni ya mvua, iandikwe kwenye bajeti mapema, juu timu nyingi ninazozijua zilikufa kwa sababu ya mia mbili ya matatu.