Fahu: shangazi anayeketi kichwani pa marehemu

Kwenye msiba huko Tonga, ufalme pekee huru uliobaki Polinesia, anayekaa kichwani pa marehemu si lazima awe mjane. Mara nyingi ni shangazi yake mkubwa, dada wa baba yake, au mtoto wa shangazi huyo. Huyo ndiye fahu wa msiba. Hapiki, hatumwi, na mikeka bora pamoja na ngatu, kitambaa kinachopondwa kutoka magome ya mti, hutandazwa mbele yake kwanza.

Msingi wake ni mmoja: dada humzidi kaka cheo, hata kama dada ni kitinda mimba na kaka ni kifungua mimba. Cheo hicho huwashukia watoto. Mpwa yuko juu ya mjomba wake, na shangazi, mehekitanga kwa Kitonga, yuko juu ya watoto wote wa kaka yake. Ikulu nako ilikuwa hivyo hivyo. Tuʻi Tonga, mfalme mtakatifu wa zamani, alizidiwa cheo na dada yake, Tuʻi Tonga Fefine. Na binti wa dada huyo, Tamaha, aliwazidi wote wawili. Mfalme mwenyewe alimwinamia mpwa wake.

Wageni wengi hukosea hapa: wanaona heshima hiyo wakadhani fahu ndiye anayeutawala ukoo. Cheo ni kitu kimoja, mamlaka ni kingine. Baba ndiye anayeongoza nyumba yake, na kisheria ardhi hurithiwa na mwana wa kiume mkubwa. Fahu huondoka na mikeka. Shamba analiacha palepale. Tena fahu mwenye busara hachukui vyote. Hugawa sehemu kwa wafiwa na waliokuja kuzika, maana asipofanya hivyo, familia iliyojinyima kutafuta mikeka ile hubaki na kinyongo.

Kosa la pili ni kumwita mtu fahu kana kwamba ndiyo hali yake ya kudumu. Akifa shangazi yake, mama yuleyule huwa liongi, mtu wa chini. Atafunga taʻovala, mkeka wa kiunoni, lakini safari hii ni mkuukuu, mpana, umechanikachanika na kumfunika mwili karibu wote. Nywele ataziachia bila kuzisuka, na siku nzima atakuwa nyuma ya nyumba, kwenye tanuri la shimoni, akiwaandalia wengine chakula.